Uchambuzi wa Kisa: Kumeza, Kutamka na Kupoteza Maneno Baada ya Kiharusi kwa Mama Mmoja wa Tanga

Kwa nini kisa hiki kimeandikwa

Mtu akipatwa na kiharusi, macho ya familia huenda kwanza kwenye mkono na mguu, kwa sababu mkono usioinuka na mguu unaoburuzwa vinaonekana na kila anayeingia nyumbani. Yanayotokea ndani ya kinywa, kooni, na katika sehemu ya ubongo inayotunza lugha hayaonekani kwa urahisi hivyo, na mara nyingi huelezwa yote kwa pamoja kwamba mgonjwa ana ulimi mzito. Mgonjwa wa kisa hiki alikuwa na matatizo matatu tofauti kwa wakati mmoja: koo lililoshindwa kumeza salama, misuli ya midomo na ulimi iliyolegea, na lugha yenyewe iliyovurugika. Kila moja lilikuwa na hatari yake na namna yake ya kushughulikiwa, na takribani madhara yote aliyoyapata baada ya kiharusi chenyewe yalitokana na watu kuyachukulia matatizo hayo kuwa jambo moja.

Taarifa zinazoweza kumtambulisha mgonjwa zimeondolewa au kubadilishwa, naye ataitwa Bi K. Mwandishi ni muuguzi aliyemfuatilia nyumbani baada ya kuruhusiwa kutoka hospitali. Habari za siku za mwanzo zimetokana na maelezo ya watoto wake pamoja na karatasi za hospitali. Bi K. alisomewa maandishi haya kwa vipande vifupi vifupi, akaridhia.

Mgonjwa na shughuli zake

Bi K. ni mama anayekaribia umri wa miaka 60, mjane, mkazi wa Ngamiani jijini Tanga, anayeishi na binti yake mkubwa, mwanawe wa kiume na wajukuu. Kwa miaka mingi ameuza mahamri na mbaazi za nazi barazani kwake tangu alfajiri, na wateja wake wengi ni wanafunzi na vijana wa bajaji ambao humsalimia, hutaniana naye na huondoka na kifungua kinywa chao. Alikuwa pia mshika fedha wa mchezo, yaani upatu, wa akina mama wa mtaani, na orodha ya waliokwisha kupokea na wanaosubiri zamu aliitunza kichwani zaidi kuliko kwenye daftari. Kwa wazazi wake alikulia katika Kibondei. Kiswahili ndiyo lugha yake ya kila siku.

Alikuwa na shinikizo la damu lililogunduliwa miaka kadhaa nyuma. Vidonge alivimeza siku ambazo kichwa kilimuuma, akaviacha siku nyingine, jambo tunalolikuta karibu katika kila nyumba, ilhali presha huweza kupanda kwa miaka bila maumivu yoyote.

Alfajiri ya tukio

Alikuwa akikanda unga wakati mkono wa kulia ulipolegea. Binti alipomwuliza kulikoni, alijibiwa kwa sauti zisizounda neno. Mdomo ulikuwa umevutwa kushoto na udenda ulimtoka kwenye pembe ya kulia. Jirani mmoja mtu mzima alisema huo ni upepo, akamtaja kijana wa barabara ya pili ambaye mdomo wake ulipinda, akachuliwa kwa mafuta na kupona baada ya wiki chache. Jirani mwingine alidhani sukari imeshuka, akaleta chai tamu. Bi K. alipaliwa kwa funda la kwanza hadi chai ikamtoka puani.

Mfano wa yule kijana unastahili kuelezwa, kwa sababu husikika sana na huwapotezea wagonjwa saa za thamani. Kuna ugonjwa wa neva ya uso unaopoozesha nusu nzima ya uso, paji likiwemo: mgonjwa hawezi kukunja paji upande ule, na jicho halifumbi vizuri. Wengi wao hupona, na aliyewachua husifiwa. Katika kiharusi kama cha Bi K., sehemu ya chini ya uso ndiyo hulegea huku paji likiendelea kukunjika pande zote mbili, kwa kuwa misuli ya paji hupokea amri kutoka pande zote mbili za ubongo. Hata hivyo tofauti hiyo ni ya kupimwa na mtaalamu, wala si sababu ya kubaki nyumbani. Uso uliopinda ghafla unapelekwa hospitali, na ukifuatana na mkono kulegea au maneno kuharibika, hapo hakuna la kujadili.

Familia ilimpeleka kwanza kwa mwalimu wa madrasa anayesomea wagonjwa. Mwalimu alimtazama, akawaambia wamwahishe hospitali na kwamba yeye angemsomea hukohuko. Ulikuwa uamuzi mwema, lakini walipofika hospitali adhuhuri ilikuwa imekaribia. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya picha ya kichwa kuthibitisha kwamba hakuna damu iliyovuja ndani ya ubongo. Picha ya Bi K. haikuonyesha damu, na madaktari waliona kwamba mshipa umeziba upande wa kushoto wa ubongo. Ila muda wa dawa ile ulikuwa umekwisha kupita.

Wodini: alilishwa kabla ya kupimwa

Hospitali hiyo haitatajwa, na yaliyotokea huko hutokea penginepo pia. Wodi ilikuwa imejaa na kazi ya kulisha iliachiwa ndugu. Jioni ile Bi K. aliegemezwa kidogo kwenye mto, akanyweshwa uji mwepesi kwa kikombe. Hakukohoa sana, kwa hiyo kila mtu aliridhika kwamba amekula. Binti alikumbuka baadaye kwamba baada ya kila funda sauti ya mama yake ilikuwa na majimaji, yenye kukoroma kooni, lakini hakuna aliyemwambia kwamba hiyo ni dalili. Siku ya tatu alipata homa na pumzi za haraka, na pafu la kulia likakutwa na nimonia.

Takribani nusu ya wagonjwa wa kiharusi huwa na tatizo la kumeza katika siku za mwanzo, na wengi wao hupata nafuu ndani ya wiki 2 hivi. Katika kipindi hicho kifupi ndipo chakula, kinywaji au hata mate yenyewe huweza kuingia kwenye njia ya hewa. Familia nyingi huamini kwamba mgonjwa dhaifu apewe vitu vyepesi: maji, chai, maziwa, uji unaomiminika. Kwa koo lililopooza mambo ni kinyume. Kitu chepesi hukimbia na kufika kooni kabla misuli haijawahi kuifunga njia ya hewa, wakati kitu kizito na laini hushuka polepole na kuipa misuli nafasi ya kufanya kazi yake. Isitoshe, wapo wagonjwa wasiokohoa kabisa chakula kinapopotea njia, kwa sababu hisia za koo nazo zimekufa ganzi. Kwao ukimya si dalili ya usalama.

Kipimo cha awali hakihitaji mashine. Mgonjwa aliye macho huketishwa wima, kinywa husafishwa, kisha hupewa kijiko cha chai cha maji, kimoja baada ya kingine, huku mhudumu akisikiliza kikohozi, sauti ya majimaji na mabadiliko ya pumzi. Akivuka hapo hupewa kiasi kidogo kwa glasi. Dalili moja tu ikitokea, hapewi kitu kwa mdomo mpaka apimwe kwa kina zaidi. Bi K. alifanyiwa kipimo hicho baada ya nimonia. Akawekewa mpira wa kulishia puani kwa siku kadhaa, akatibiwa kwa antibayotiki, na alipopimwa tena alimeza uji mzito vizuri ila maji bado yalimpalia. Aliruhusiwa akiwa na vidonge vya presha, aspirini, na tarehe ya kurudi kwa mazoezi ya mkono na mguu. Kuhusu kusema hakukuandikwa neno.

Nyumbani: "Anaweza kusema anapotaka"

Nilipofika kwa mara ya kwanza, nyumba ilikuwa imegawanyika. Asubuhi hiyo mtoto wa jirani alikuwa ameingia akasema, "Shikamoo, Bibi," na Bi K. akaitika, "Marahaba," neno kamili, lenye lafudhi yake ya siku zote. Dakika chache baadaye mwanawe alimwuliza, "Mama, nikuletee maji au uji?" Bi K. alifungua mdomo, akahangaika, akasema "chumvi", akatikisa kichwa kwa hasira, akasema tena "chumvi". Mwanawe alinieleza pembeni kwamba mama anawasusia, kwa sababu wageni anawajibu na watoto wake hawajibu. Shangazi mmoja alishikilia kwamba anayeitika si Bi K., ni pepo aliyempanda.

Jambo hilo linafahamika kwa madaktari tangu karne ya 19. John Hughlings Jackson wa Uingereza aliandika juu ya wagonjwa waliopoteza uwezo wa kuunda sentensi lakini wakabaki na maneno yanayotoka yenyewe, kama vile maapizo na salamu. Maneno tuliyoyarudia maelfu ya mara tangu utotoni, kama kuitikia shikamoo, kusema alhamdulillahi, kuhesabu moja mpaka kumi au kusoma Alfatiha, hayatungwi upya kila yanaposemwa, na huweza kusalimika pale ambapo neno "maji" halipatikani. Mwaka 1861, jijini Paris, Paul Broca alieleza habari za mgonjwa aliyebakiwa na silabi moja tu, "tan", ingawa alielewa mengi aliyoambiwa; alipofariki, jeraha lilikutwa sehemu ya mbele ya ubongo, upande wa kushoto. Kwa watu wengi lugha hukaa upande huo, na ndiyo sababu kupooza upande wa kulia wa mwili mara nyingi hufuatana na kupotea kwa maneno. Hali hiyo huitwa afasia.

Tulitenganisha mambo hapohapo, mbele ya watoto wake, ili waone wenyewe. Kwanza alirudia "pa-pa-pa", kisha "ta-ta-ta", kisha "ka-ka-ka". Ya kwanza ilitoka imelegea na hewa ikavuja upande wa kulia wa midomo. Ya pili na ya tatu zilikuwa karibu sawa. Maana yake ni kwamba midomo ilikuwa dhaifu na ulimi una nafuu, tatizo la kutamka lililo dogo. Kisha niliomba vitu kutoka jikoni kwake: nazi, mwiko, kopo la iliki. Nilipouliza nazi ni nini, alishindwa kuitaja, lakini alitega viganja viwili na kuonyesha namna ya kukuna, kisha akanusa iliki na kuelekeza kidole kwenye beseni la unga. Alijua kila kitu ni nini na cha kazi gani. Nilipomwambia "gusa nazi" aligusa. Nilipomwambia "kabla ya kugusa nazi, gusa mwiko" alibabaika. Uelewa wake wa sentensi fupi ulikuwa mzuri. Sentensi ndefu zilimpotea katikati.

Mwanawe alipendekeza apewe kalamu aandike. Ni wazo ambalo familia nyingi hulipata, na humsaidia mtu ambaye tatizo lake ni midomo na ulimi tu. Bi K. alishika kalamu kwa mkono wa kushoto, akaandika herufi mbili za jina lake, akakwama. Kuandika nako ni lugha. Kijana alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasogea akakaa karibu na mama yake. Nadhani tangu saa ile neno "anasusia" halikutajwa tena katika nyumba ile.

Mgogoro wa mchezo

Wiki hiyohiyo akina mama wa mchezo walikuja kujua zamu ni ya nani. Wawili walidai kwamba wao ndio wanaofuata. Walimwuliza Bi K. wote kwa pamoja, televisheni ikiwa imewashwa na wajukuu wakicheza, naye akataja jina la mwanachama ambaye kila mtu alijua amekwisha kupokea. Mmoja akasema akili imeondoka; mwingine akanong'ona kwamba labda fedha zimeliwa. Bi K. alisikia na alielewa. Alilia, na siku mbili zilizofuata alikataa chakula.

Kumchukulia mtu mwenye afasia kuwa amepoteza akili ni kosa zito kuliko mengi, kwa sababu humwondolea haki ya kuamua mambo yake. Binti alituambia kwamba wanachama wote wana picha zao kwenye WhatsApp. Zilifunguliwa moja moja, chumba kikiwa kimya, na Bi K. akaulizwa swali moja tu kwa kila picha: amepokea? Kwa kuwa "ndiyo" na "siyo" zilikuwa zikimchanganyikia mdomoni, alitumia kidole gumba, juu au chini, na binti aliligeuza swali kila mara ili kuhakikisha: bado hajapokea? Orodha yake ililingana na daftari kila mahali daftari lilipokuwa na kumbukumbu, na mahali lisipokuwa nayo ilikubaliwa na wanachama wenyewe. Fedha zilikuwa kamili.

Maamuzi yaliyofanywa na sababu zake

Chakula kilitangulia, kwa kuwa nimonia ya pili ingeweza kumuua. Iliamuliwa ale vitu vizito na laini vya namna moja: uji wa mchele uliokolezwa, bokoboko lililopondwa, viazi vitamu, wali mashendea uliolainishwa kwa mchuzi mzito wa nazi, papai na parachichi. Viliwekwa kando wali mkavu, karanga, supu yenye vipande, ambayo humlazimu mtu kumeza kimiminika na kigumu kwa wakati mmoja, pamoja na madafu aliyoyapenda sana. Samaki alichambuliwa miiba kwa vidole na kukaguliwa mara mbili, kwa kuwa shavu la kulia halikuwa na hisia na mwiba usingejulikana umekaa wapi. Aliketi wima kwenye kiti, si kitandani. Tonge liliingizwa kwa upande wa kushoto. Kila tonge lilimezwa mara mbili. Hakuna aliyemsemesha akitafuna. Na baada ya kula alibaki ameketi nusu saa. Kuinamisha kidevu wakati wa kumeza kulimsaidia, lakini hilo lilijaribiwa kwanza kwa uangalifu, maana halimfai kila mgonjwa.

Usafi wa kinywa ulipewa uzito uleule, jambo lililowashangaza nyumbani. Mabaki yalikuwa yakijibana shavuni upande wa kulia kwa saa nyingi bila yeye kujua. Ulimi ulikuwa na utando mweupe, ambao zahanati ilithibitisha kuwa fangasi na kuutibu. Meno yake machache ya bandia ya chini yalikuwa yanacheza kwa sababu misuli ya shavu iliyoyashikilia imelegea, kwa hiyo yaliondolewa mpaka hapo baadaye. Kinywa kikawa kinasafishwa kabla na baada ya kula kwa mswaki laini, na shavu kupanguswa kwa kitambaa chenye unyevu kilichozungushwa kidoleni. Mate hupotea njia hata mgonjwa asipokula, na mate ya kinywa kichafu hubeba vijidudu hadi mapafuni. Kuhusu udenda, familia ilidhani mate yameongezeka. Kilichopungua ni kumeza na kufumba midomo. Alikumbushwa kumeza kila mara kwa ishara ya kidole kooni, na alibaki na kitambaa chake mwenyewe mkononi ili asipanguswe na wengine mbele za watu.

Suala la kombe lilihitaji busara. Shangazi alikuwa ameagiza kombe la siku saba, na kombe, yaani aya za Kurani zilizoandikwa na kuoshwa ili mgonjwa anywe, ni maji. Kulikataza kungeonekana ni kuikataza dua. Tulimwendea yule mwalimu wa madrasa, tukamweleza jinsi maji yanavyoingia mapafuni. Alisema kombe si lazima linywewe. Litapakwa usoni na mkononi, na yeye atakuja kumsomea. Aliongeza jambo ambalo hatukuwa tumeliuliza: kusukutua wakati wa udhu, katika madhehebu ya Shafii yanayofuatwa na wengi wa pwani, ni sunna, wala si faradhi, hivyo Bi K. aache, na katika sala asome kwa kadiri ulimi wake unavyoweza. Kwa muda mrefu Bi K. alikuwa na hofu kwamba sala yake haisihi. Hakuna mtaalamu wa afya ambaye angeweza kumwondolea hofu hiyo.

Kwa upande wa mazungumzo, sheria za nyumba zilikuwa chache: azungumze mtu mmoja kwa wakati mmoja, televisheni izimwe, sentensi ziwe fupi, na atakayeuliza asubiri bila kumdokeza neno mpaka aone ameomba msaada kwa macho. Sheria ya kusubiri ilikuwa ngumu kuliko zote, kwa sababu upendo huharakisha kusaidia. Mazoezi yalichukuliwa kutoka kazini kwake. Badala ya kadi za picha za tufaha na treni, alitaja unga, hamira, iliki, nazi na mbaazi akiwa amevishika. Aliposhindwa, binti alianza sentensi inayojulikana na kuacha mwisho wazi: "Ili mahamri yanukie, tutie..." na mara nyingi "iliki" ikaja. Dada yake alipokuja kutoka Muheza, maneno ya Kibondei yalianza kutangulia yale ya Kiswahili, na shangazi akataka asahihishwe. Tuliamua neno lolote lililotoka lipokewe.

Jirani alileta maputo ya kupuliza na bigijii ya kutafuna ili kunyoosha mdomo. Hatukuyatumia. Bigijii ingeweza kumkaba, na kupuliza hakufundishi kusema. Ushahidi kwamba mazoezi ya mdomo yasiyo na maneno huboresha matamshi ni dhaifu. Kinachorejesha maneno ni kuyasema. Kwa sababu hiyo tulitumia kasida alizozijua tangu ujana. Akiimba pamoja na binti, maneno yalitoka kwa mfululizo ambao hakuweza kuupata akizungumza, na "p" na "b" zake zilikaza. Tuliieleza familia waziwazi kwamba kuimba vizuri hakumaanishi kwamba ataweza kuomba chai kesho. Ni njia ya kuizoesha sauti na midomo, na ya kumrudishia mtu ladha ya kusikika.

Matokeo

Hakupata nimonia tena. Baada ya miezi mitatu hivi alikunywa maji kwa mafunda madogo, kidevu kikiwa chini, na madafu yalirudi. Uso ulikaribia kulingana, ingawa pembe ya kulia bado huchelewa anapotabasamu. Matamshi yanaeleweka. Lugha imerudi nusunusu: anatumia vifungu vya maneno mawili au matatu, majina ya watu humponyoka, na tarakimu humchanganya. Barazani ameketi tena asubuhi. Binti huuza, na bei zimeandikwa ubaoni ili Bi K. aonyeshe kwa kidole. Ushika fedha wa mchezo aliuachia mwenyewe, kwa kumkabidhi binti yake daftari mbele ya wanachama, na alihuzunika sana.

Yaliyofaa, yaliyoshindikana

Lililofaa zaidi, kwa maoni yangu, ni ile saa moja ya kutenganisha matatizo mbele ya familia kwa vitu vya jikoni. Kabla ya hapo kila mmoja alikuwa na tafsiri yake, na kila tafsiri ilikuwa na adhabu yake kwa mgonjwa: aliyedhani anasusia alimkaripia, aliyedhani akili imeondoka aliamua bila kumwuliza, na aliyedhani ni pepo alimnywesha. La pili ni kumshirikisha mwalimu wa madrasa mapema. Mpango wa kumeza ulifuatwa kwa sababu mtu anayeheshimiwa na nyumba nzima aliuunga mkono.

Ni vigumu kusema ni kiasi gani cha nafuu kilitokana na mazoezi. Ubongo hujirekebisha wenyewe zaidi katika miezi ya mwanzo, na huenda maneno kadhaa yangerudi hata bila kasida. Tunachoweza kusema kwa uhakika zaidi ni kuhusu kifua chake, kwa kuwa kabla ya mpango wa kumeza alipaliwa karibu kila siku, na baada yake mara chache.

Kilichoshindikana vibaya ni huzuni yake. Takribani theluthi moja ya walionusurika na kiharusi hupata sonona, na mwenye afasia hawezi hata kuieleza. Kukataa kwake chakula baada ya ule mgogoro kulichukuliwa kuwa hasira ya siku mbili. Mashoga zake walipunguza kuja, si kwa ubaya, bali kwa kutojua waseme nini na mtu asiyejibu. Ilikuwa mwezi wa nne baada ya kiharusi ndipo alipopelekwa kliniki na kuanza matibabu, na baada ya hapo juhudi yake katika mazoezi ilibadilika. Mashoga wawili walipofundishwa kuja na jambo la kufanya pamoja, kama kuchambua mbaazi au kusuka ukili, wakakaa bila kulazimisha maongezi, ziara zilirudi.

Wataalamu wa tiba ya matamshi na lugha ni wachache sana nchini, na safari ya Dar es Salaam kila wiki haikuwezekana kwa nyumba hii. Mazoezi yote yalifanywa na binti, ambaye aliacha kibarua chake ili kuyafanya. Gharama hiyo haimo katika karatasi yoyote ya hospitali.

Simu bado haijapata ufumbuzi. Bi K. akipigiwa hana uso wa kuutazama wala kitu cha kukionyesha, na maneno humkimbia zaidi kuliko akiwa ana kwa ana. Dada yake wa Muheza sasa humpigia kwa video, na hapo huelewana kwa mikono na nusu maneno; wateja na akina mama wa mchezo bado hupiga simu ya kawaida, naye humpa mjukuu aipokee.